Uchumi wa Umeme wa Upepo Ukilinganishwa na Njia Zilizozoeleka za Kuzalisha Umeme: Mfano wa Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha gharama za kuzalisha umeme kwa nguvu za upepo na gharama za njia zilizozoeleka, yaani mafuta, gesi asilia na maji, kwa kuzingatia mahitaji ya Mkoa wa Shinyanga na ukanda wa machimbo ya dhahabu wa Geita. Hoja kuu ni kwamba umeme wa upepo hauna bei moja. Bei yake huamuliwa na kasi ya upepo wa mahali husika, gharama ya mtaji uliokopwa na muda wa kuurejesha mtaji huo. Faida yake, kwa upande mwingine, huamuliwa na aina ya umeme ambao upepo unachukua nafasi yake. Hesabu zilizofanywa zinaonesha kuwa katika miradi mikubwa upepo huushinda umeme wa dizeli karibu katika kila hali, lakini huushinda umeme wa gridi pale tu ambapo upepo ni mzuri na mtaji ni wa riba nafuu. Makala yanahitimisha kwa kuonesha mambo yanayopaswa kujulikana kabla ya mkataba wowote wa muda mrefu kutiwa saini.

1.0 Utangulizi

Mgodi wa dhahabu haulali. Vinu vya kusaga mawe huzunguka usiku na mchana, pampu hutoa maji shimoni, na katika mgodi wa chini ya ardhi feni za kusukuma hewa haziruhusiwi kusimama, kwa kuwa uhai wa wafanyakazi unazitegemea. Kwa sababu hiyo, umeme katika ukanda wa dhahabu ni miongoni mwa gharama zinazoamua mawe gani yachimbwe na yapi yaachwe. Mwamba wenye dhahabu kidogo huwa mali pale umeme unapokuwa nafuu, na hugeuka kifusi pale umeme unapokuwa ghali.

Ukanda unaozungumziwa hapa una historia ndefu ya madini. Almasi ya Mwadui, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kishapu, ilianza kuchimbwa mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, ule wa Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ukaanza uzalishaji mwaka 2009. Pembeni mwa migodi hiyo wapo maelfu ya wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na Mwakitolyo, ambao nao huhitaji nguvu ya kuendesha makarasha, pampu za maduara na mashine za kupeleka hewa chini.

Katika mijadala ya umma upepo hutajwa kwa namna mbili zinazopingana. Wapo wanaosema upepo ni bure, hivyo umeme wake lazima uwe nafuu kuliko mwingine wowote. Wapo pia wanaosema upepo huja na kuondoka, hivyo hauwezi kuendesha kinu hata kimoja. Kauli zote mbili zina chembe ya ukweli, na zote mbili hazitoshi kumsaidia mtu anayepaswa kuamua. Lengo la makala haya ni kuzivunja kauli hizo katika sehemu zinazoweza kuhesabiwa.

2.0 Umeme Unaotumika Sasa

Migodi miwili mikubwa ya ukanda huu ilianza kwa njia mbili tofauti. Bulyanhulu uliungwa na gridi ya taifa tangu mwanzo, kwa njia ya msongo wa kilovolti 220 itokayo Shinyanga. Geita, kwa kuwa ulikuwa mbali na gridi yenye nguvu, ulijenga mitambo yake ya mafuta na kuitegemea kwa takribani miongo miwili. Baadaye njia ya kilovolti 220 ilijengwa kutoka Bulyanhulu hadi Geita, na kituo cha kupoza umeme kikawekwa Mpomvu, ndipo kuuhamishia mgodi huo kwenye gridi kukawezekana.

Gridi yenyewe imebadilika sana. Hadi miaka ya 2000 ilitegemea zaidi mabwawa, na ukame wa mwaka 2006 uliidhoofisha kiasi cha nchi kukodi mitambo ya dharura kwa bei kubwa. Zabuni iliyotokana na dharura hiyo ilizaa kashfa ya Richmond, ambayo mwezi Februari 2008 ilisababisha Waziri Mkuu kujiuzulu. Gesi asilia ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme mwaka 2004, na bomba la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilipokamilika mwaka 2015 lilifungua njia ya mitambo ya Kinyerezi. Kanda ya Ziwa nayo ilipata mtambo wa mafuta mazito wa Nyakato, Mwanza. Hatimaye Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, yaani jumla ya megawati 2,115, liliwasha mtambo wake wa kwanza mwezi Februari 2024 na kukamilisha yote mwaka 2025. Uwezo wa bwawa hilo peke yake unakaribia mahitaji ya juu ya gridi nzima ya wakati huo.

Umeme huo hufika Shinyanga kwa njia kuu ya kilovolti 400 inayotoka Iringa kupitia Dodoma na Singida, yenye urefu wa takribani kilomita 670. Njia hii ina umuhimu wa pekee kwa mada yetu, kwa sababu Singida, ambayo imo katikati ya njia hiyo, ndiyo sehemu iliyotajwa kwa miaka mingi zaidi katika mipango ya umeme wa upepo nchini.

3.0 Dhana za Msingi

3.1 Kasi ya upepo

Nguvu iliyomo katika upepo haiongezeki sambamba na kasi yake. Huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kasi. Upepo wa mita 8 kwa sekunde una nguvu takribani mara 2.4 ya upepo wa mita 6 kwa sekunde, ingawa mtu aliyesimama uwanjani angeuona kuwa umezidi kidogo tu. Hata hivyo, hakuna mtambo unaoweza kunasa nguvu yote. Sheria za fizikia zinaweka ukomo wa asilimia 59.3, na mitambo halisi hupata chini ya hapo.

Jambo la pili, ambalo husahaulika, ni uzito wa hewa. Nyanda za Shinyanga na Geita ziko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Katika kimo hicho na katika joto la kawaida la eneo hilo, hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 15 kuliko hewa ya kipimo cha pwani ambayo watengenezaji huitumia kukadiria uwezo wa mitambo yao. Upepo wenye kasi ileile hubeba nguvu pungufu kwa kiasi hicho. Anayechukua makadirio ya mtambo uliowekwa ufukweni mwa bahari na kuyahamishia Kishapu bila kuyarekebisha ameanza hesabu yake kwa hasara.

3.2 Kiwango cha matumizi ya uwezo

Mtambo wenye uwezo wa kilowati 1,000 hautoi kilowati 1,000 saa zote. Uwiano kati ya umeme uliozalishwa kwa mwaka na ule ambao ungezalishwa iwapo mtambo ungefanya kazi kwa uwezo wake wote huitwa, katika makala haya, kiwango cha matumizi ya uwezo. Kwa mitambo ya upepo, asilimia 25 ni kiwango cha mahali pa wastani. Asilimia 40 ni mahali pazuri. Mashamba machache duniani hupita asilimia 50, na mojawapo liko Kenya, kama itakavyoelezwa.

3.3 Gharama sawazishi ya umeme

Jenereta ya dizeli ni rahisi kuinunua na ghali kuiendesha. Mtambo wa upepo ni kinyume chake: karibu gharama yote hulipwa kabla uniti ya kwanza haijatoka. Ili kuzilinganisha njia mbili zenye mtiririko tofauti wa malipo, wachumi huchukua gharama zote za maisha ya mradi, huzigeuza kuwa malipo sawa ya kila mwaka kwa kuzingatia riba, kisha huzigawanya kwa uniti zinazozalishwa. Matokeo yake ndiyo gharama sawazishi ya uniti moja, yaani kilowati-saa moja. Kwa kipimo hiki, Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu, IRENA, lilikadiria kwamba wastani wa dunia wa umeme wa upepo wa nchi kavu ulishuka kutoka takribani senti 11 za dola mwaka 2010 hadi senti 3.3 mwaka 2023. Wastani huo, hata hivyo, umebebwa na nchi zenye viwanda vya mitambo, barabara pana na mikopo nafuu. Haupaswi kuchukuliwa kuwa bei ya Shinyanga.

4.0 Hesabu ya Mfano

Hesabu ifuatayo ni ya kielelezo. Imejengwa juu ya dhana zilizo wazi ili msomaji aweze kuzibadilisha na kuona matokeo. Tuchukulie kwamba kila kilowati moja ya mtambo wa upepo, pamoja na msingi, usafirishaji na kuunganishwa, inagharimu dola 1,500. Matengenezo na uendeshaji ni dola 40 kwa kilowati kwa mwaka, na dola moja ni shilingi 2,500. Riba tunazolinganisha ni mbili: asilimia 6, ambayo ni ya mkopo wa masharti nafuu, na asilimia 12, ambayo inakaribia matarajio ya mwekezaji binafsi.

Jedwali 1: Gharama sawazishi ya uniti moja ya umeme wa upepo (shilingi)

| Masharti ya mtaji | Matumizi ya uwezo 25% | Matumizi ya uwezo 40% |
|---|---|---|
| Riba 6%, miaka 20 | 195 | 122 |
| Riba 12%, miaka 20 | 275 | 172 |
| Riba 12%, miaka 12 | 322 | 201 |

Jedwali linaonesha mambo matatu. Kwanza, mtambo uleule hutoa umeme wa shilingi 122 au wa shilingi 322, bila skrubu moja kubadilishwa, kwa sababu tu ya mahali ulipowekwa na masharti ya fedha iliyoununua. Pili, riba ina uzito unaokaribia ule wa upepo wenyewe: kupanda kutoka asilimia 6 hadi 12 huongeza bei kwa takribani asilimia 40. Tatu, muda wa kurejesha mtaji ni suala la msingi katika ukanda wa madini. Mtambo wa upepo huishi miaka 20 au zaidi, lakini mgodi si lazima uishi hivyo. Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009 na uchimbaji wake ukakoma mwaka 2021, yaani miaka 12. Mwekezaji anayejenga mitambo ya upepo kwa ajili ya mgodi mmoja tu atataka fedha yake irudi kabla mgodi haujafungwa, na bei itapanda kama mstari wa mwisho wa jedwali unavyoonesha.

Sasa tuitazame dizeli. Jenereta kubwa hutumia takribani robo lita ya mafuta kwa kila uniti. Lita ikiwa shilingi 3,000, mafuta peke yake ni shilingi 750 kwa uniti, kabla ya vipuri, vilainishi na mishahara. Hata kama mgodi utanunua mafuta kwa shilingi 2,000 kwa lita, bado ni shilingi 500. Ili umeme wa upepo wa shilingi 275 ushindwe na dizeli, bei ya lita ingepaswa kushuka chini ya shilingi 1,100. Ikumbukwe pia kwamba mafuta hayo hutoka Dar es Salaam kwa malori, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000, na kila tone hulipiwa kwa fedha za kigeni mwaka hadi mwaka. Mtambo wa upepo nao huagizwa nje, lakini huagizwa mara moja.

Kwa mchimbaji mdogo tofauti ni kali zaidi. Jenereta ndogo hutumia mpaka lita 0.4 kwa uniti, sawa na shilingi 1,200 kwa bei ileile ya mafuta. Karasha lenye mota ya kilowati 15 likifanya kazi saa 10 kwa siku hutumia uniti 150, yaani mafuta ya shilingi 180,000. Kwa bei ya matumizi ya kawaida ya TANESCO iliyoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, ambayo ni shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi, kazi hiyohiyo ingegharimu shilingi 43,800. Hapa methali ya "rahisi ghali" inapata maana kamili: mwenye karasha hununua jenereta kwa sababu bei yake dukani inalipika, kisha huilipia upya kila baada ya siku chache kituoni kwenye mafuta.

Ieleweke, hata hivyo, kwamba ushindi wa upepo dhidi ya dizeli ni wa mitambo mikubwa. Mitambo midogo ya upepo hugharimu zaidi kwa kila kilowati, na kwa kuwa nguzo zake ni fupi hukutana na upepo dhaifu uliovunjwa na miti na mapaa. Mwenye karasha wa Rwamgasa hatanufaika kwa kusimamisha mnara wake mwenyewe. Atanufaika kwa kufikiwa na waya.

5.0 Thamani ya Uniti Moja

Kosa la kawaida katika mijadala ya nishati ni kulinganisha gharama za kuzalisha bila kuuliza uniti inayozalishwa inachukua nafasi ya nini. Swali hili ndilo linalobadilisha picha ya ukanda wa dhahabu.

Mteja mkubwa aliyeungwa katika msongo wa juu, kwa bei za mwaka 2016, hulipa sehemu mbili: shilingi 152 kwa kila uniti, na shilingi 16,550 kwa mwezi kwa kila kilovolti-ampia ya mahitaji yake ya juu. Kwa mgodi unaotumia umeme kwa uthabiti, sehemu hii ya pili ni sawa na takribani shilingi 30 kwa uniti, hivyo bei kamili ni kama shilingi 182. Je, umeme wa upepo wa shilingi 172 ni nafuu kwake? Kwa haraka mtu angesema ndiyo. Jibu sahihi ni hapana. Siku upepo unapotulia, mgodi utachukua mahitaji yake yote kutoka gridi, na tozo ya mahitaji ya juu italipwa vilevile. Upepo huokoa zile shilingi 152 tu. Shilingi 30 hubaki palepale. Kwa hiyo, kati ya hali sita zilizomo katika Jedwali 1, ni moja tu inayoshinda: upepo mzuri wenye mkopo wa riba nafuu na muda mrefu wa kuulipa.

Vivyo hivyo kwa mgodi unaotumia dizeli. Upepo hauondoi jenereta, huondoa mafuta. Jenereta lazima zibaki tayari kwa saa za utulivu, na wafanyakazi wake pia. Lakini kwa kuwa mafuta yenyewe ni shilingi 500 hadi 750 kwa uniti, faida inabaki kubwa hata gharama za jenereta zikibaki. Mgodi wenye wastani wa matumizi ya megawati 30 hutumia takribani uniti milioni 263 kwa mwaka. Kila shilingi 100 inayopungua katika bei ya uniti ni shilingi bilioni 26 kwa mwaka.

Hapa ndipo kitendawili cha ukanda huu kilipo. Wakati ambapo upepo ungekuwa na faida kubwa zaidi Geita ni wakati ule mgodi ulipokuwa peke yake na mafuta yake. Njia ya kilovolti 220 ilipofika, mshindani wa upepo alibadilika kutoka mafuta ya shilingi 500 au zaidi kuwa gridi ya shilingi 152. Waya umefanya sehemu kubwa ya kazi ambayo upepo ungeifanya.

6.0 Upepo Kama Mshirika wa Maji

Je, upepo umekosa nafasi? La, lakini nafasi yake imehama kutoka lango la mgodi kwenda kwenye mfumo mzima wa gridi. Shinyanga hupata mvua kati ya Novemba na Aprili, na mito mingi inayojaza mabwawa ya nchi hufuata mwenendo wa karibu na huo. Upepo wa kusi, kwa upande wake, huwa na nguvu zaidi katikati ya mwaka, wakati wa kiangazi, maji yanapopungua. Uniti ya upepo inayoingia kwenye gridi mwezi Septemba humwezesha mwendeshaji kufunga lango la bwawa na kuyahifadhi maji kwa ajili ya saa za jioni au miezi ya mwisho wa kiangazi. Katika mpangilio huo bwawa hufanya kazi ya betri, na upepo hufanya kazi ya mvua ya ziada.

Thamani ya bima hiyo haionekani katika bei ya uniti, bali katika gharama ya kutokuwa nayo. Nchi iliyowahi kukodi mitambo ya dharura wakati wa ukame inajua kwamba uniti ghali kuliko zote ni ile inayotafutwa kwa haraka. Zaidi ya hayo, umeme wa Rufiji husafiri mamia ya kilomita kabla ya kufika Shinyanga na Geita, na sehemu yake hupotea njiani kama joto. Umeme utakaoingia Singida ungekuwa karibu zaidi na watumiaji wa Kanda ya Ziwa, na ungepunguza upotevu huo pamoja na kuimarisha msongo mwishoni mwa njia.

Mshindani mwingine wa upepo katika nafasi hiyo ni jua. Katika kijiji cha Ngunga, Kishapu, mradi wa umeme wa jua wa megawati 150 ulipangwa kujengwa kwa awamu, na mkataba wa awamu ya kwanza ya megawati 50 ulitiwa saini mwaka 2023 kwa mkopo wa Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Kuchaguliwa kwa jua katika wilaya hiyo kunaeleweka, kwani anga la Shinyanga huwa wazi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Hata hivyo, jua huzama kabla mahitaji ya jioni hayajafika kileleni. Penye upepo wa usiku, vyanzo hivi viwili hukamilishana badala ya kugombana.

7.0 Mafunzo Kutoka Loiyangalani na Tegeta

Kipimo kizuri cha uchumi wa upepo katika Afrika Mashariki ni shamba la Ziwa Turkana, karibu na Loiyangalani, Kenya. Lina mitambo 365 ya kilowati 850, jumla ya megawati 310, na liligharimu zaidi ya Euro milioni 600, yaani takribani Euro 2,000 kwa kilowati. Upepo wa hapo ni wa ajabu kiasi kwamba kiwango cha matumizi ya uwezo hupita asilimia 50, na ndiyo maana gharama kubwa ya ujenzi iliweza kubebeka.

Lakini mradi huo una mafunzo mengine. Mitambo ilikamilika mwaka 2017, ilhali njia ya kusafirisha umeme hadi Suswa, yenye urefu wa takribani kilomita 430, ilikamilika Septemba 2018 tu, baada ya mkandarasi wa Kihispania aliyeijenga kufilisika. Kwa mujibu wa mkataba, Kenya ililazimika kulipa fidia ya mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukusafirishwa. Kabla ya hapo, mwaka 2012, Benki ya Dunia ilikuwa imejiondoa kwenye mradi kwa hofu kwamba mnunuzi angelazimika kulipia umeme asiouhitaji. Hofu hiyo haikuwa ya bure: upepo wa Turkana huvuma sana usiku, saa ambazo mahitaji ya Kenya ni madogo. Na mwaka 2021 mahakama ilitamka kwamba hati za ardhi ya mradi zilipatikana bila kufuata taratibu, baada ya wakazi kushitaki.

Tanzania ina somo lake la nyumbani. Mkataba wa IPTL wa mwaka 1995 ulihusu mtambo wa megawati 100 wa mafuta mazito huko Tegeta, ulioanza kuzalisha mwaka 2002. TANESCO ilitakiwa kulipa tozo ya uwezo kila mwezi, mtambo uwe umewashwa au umezimwa, na mgogoro wa tozo hiyo ukafika mbele ya mahakama za usuluhishi za kimataifa. Chanzo kilikuwa mafuta, si upepo. Hii inathibitisha kwamba ubaya wa mkataba wa kulipia usichokitumia haumo katika chanzo cha nishati, bali katika nani anabeba hasara ya makadirio yasiyotimia.

8.0 Upepo Uko Wapi?

Tanzania Bara ina shamba moja dogo la upepo linalofahamika, la Mwenga wilayani Mufindi, lenye mitambo mitatu na uwezo wa megawati 2.4, lililoanza kazi mwaka 2020. Mipango ya Singida, ya megawati 50 na ya megawati 100, ilitangazwa kwa zaidi ya muongo mmoja bila kujengwa. Vipimo vinavyonukuliwa katika nyaraka za serikali, mita 9.9 kwa sekunde kwa Kititimo, Singida, na mita 8.9 kwa Makambako, vinatia matumaini, lakini ni vya maeneo hayo. Havisemi lolote kuhusu tambarare za Kishapu wala vilima vya Geita. Upepo wa ziwani, unaovuma kutoka majini mchana na kugeuka usiku, huhisiwa vizuri ufukweni, lakini hudhoofika kadiri unavyoingia bara.

Kwa hiyo, kipimo ndicho uwekezaji wa kwanza. Nguzo yenye vipima-upepo katika kimo cha mita 80 hadi 100, ikiachwa kwa mwaka mzima au zaidi, hugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya shamba, lakini ndiyo inayoamua iwapo mradi uko safu ya kushoto au ya kulia ya Jedwali 1.

Suala la ardhi nalo halipaswi kuachwa nyuma. Mitambo ya upepo huchukua ardhi ndogo kwa ajili ya misingi na barabara, na mifugo inaweza kuendelea kulisha chini yake. Lakini katika Usukuma, eneo linaloonekana tupu linaweza kuwa ngitili, yaani malisho yaliyotengwa kwa mila kwa ajili ya kiangazi, ambayo mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 ulisaidia kuyarejesha. Mwekezaji anayeliita eneo kama hilo pori lisilo na mwenyewe anajiandalia mgogoro wa Loiyangalani, na ucheleweshaji wa mahakamani nao una riba yake.

9.0 Hitimisho

Ulinganisho huu umeonesha kwamba swali la iwapo upepo ni nafuu kuliko vyanzo vingine halijibiki likiulizwa hivyo. Upepo ni nafuu kuliko dizeli kwa tofauti kubwa. Ni nafuu kuliko umeme wa gridi kwa mteja mkubwa pale tu upepo mzuri unapokutana na mtaji nafuu na muda mrefu. Na mtaji huo hautegemewi kutoka mgodi mmoja, kwa sababu mtambo huishi muda mrefu kuliko mwamba wenye dhahabu. Mnunuzi anayefaa ni gridi, ambayo inaweza kuuoanisha upepo na maji, na ambayo itaendelea kuwepo baada ya mgodi kufungwa.

Mapendekezo matatu yanatokana na hoja hizo. Kwanza, upepo wa Shinyanga na wa mwambao wa Geita upimwe katika kimo cha mitambo kabla ya ahadi yoyote, na matokeo yawekwe wazi ili wazabuni washindane kwa bei badala ya kushindana kwa siri. Pili, mkataba wa kuuziana umeme ufungamanishe tarehe ya malipo na kukamilika kwa njia ya kusafirisha umeme, ili mwananchi asilipie mitambo isiyo na waya. Tatu, fedha za masharti nafuu zielekezwe kwenye miradi ya upepo na kwenye kufikisha nyaya za msongo wa kati katika machimbo ya wadogo kwa pamoja. Kwa mgodi mkubwa tofauti kati ya chanzo kimoja na kingine ni makumi ya shilingi kwa uniti. Kwa mwenye karasha anayetegemea jenereta, tofauti hiyo ni karibu shilingi elfu moja. Sera ya nishati itakayopima mafanikio yake kwa megawati zilizozinduliwa pekee, bila kuangalia nani bado anawasha jenereta, itakuwa imehesabu nusu tu ya gharama.